TAYLOR NA MWALIMU SIKUJUA: KARATASI NYINGI, UMRI MFUPI

Hapa Mombasa wako watu wasioweza kumpita muuza vitabu vikuukuu bila ya kusimama. Leo mtu ananunua viwili, kesho vitatu, na vile vya mwaka jana bado viko chini ya kitanda hata hajavifungua. Watu wa nyumbani humuuliza atavisoma lini vyote hivyo. Swali lenyewe ni la haki. Lakini kabla hatujamcheka, hebu nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyekusanya maandishi mengi kuliko umri wake, akafa hajayamaliza. Lau hangefanya hivyo, huenda leo tungekuwa tunalijua jina la Muyaka tu, bila ya mashairi yake.

Mtu huyo ni William Ernest Taylor. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1856, akasoma Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka wa 1880 akaletwa Afrika Mashariki na chama cha wamisionari cha CMS. Alifanya kazi Mombasa, Frere Town, Rabai na hata kwa Wagiriama. Kilichomleta ni kuhubiri, na alikuwa akisimama sokoni kuwahubiria Waislamu wa mji huu katika dini isiyokuwa yao. Jambo hilo hatulifichi, na wazee wetu hawakulipenda. Lakini Mgala muue na haki yake umpe. Wageni wengi wa wakati ule walijifunza Kiswahili cha kuagizia maji na kuitia wapagazi basi. Taylor hakutosheka na hicho. Alivaa kanzu, akakaa na wenyeji, akajifunza Kimvita mpaka akawa anajua maneno ambayo vijana wa siku hizi tukiyasikia tunababaika.

Kwa kujua lugha hivyo, akaona jambo la kutisha. Mombasa ya wakati ule ilikuwa ni mji wa Mataifa Kumi na Mawili: Tisa Taifa upande mmoja, na Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, upande wa pili. Mji ulikuwa umejaa mashairi na methali, lakini mengi yalikaa vichwani mwa wazee, na machache katika karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake yalihusu vita vya Mazrui na Sayyid Said, mapenzi, umaskini na mambo ya mtaani, alikuwa amekufa kiasi cha mwaka wa 1840. Taylor anafika, miaka arubaini imeshapita. Waliomsikia Muyaka kwa masikio yao walikuwa wazee mno, na kila jeneza lililotoka liliondoka na beti zake.

Sasa ndugu msomaji, ungefanyaje? Ungelichukua shairi moja, ulisome, ulielewe neno kwa neno, ndipo uende kutafuta la pili? Hiyo ndiyo njia ya mwanafunzi mwema. Lakini wapi! Ukimaliza la kwanza, mwenye la pili ameshazikwa.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye mimi namwona ni shujaa hasa wa habari hii, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Yeye alikuwa mwenyeji, mtu wa elimu na mjuzi wa mashairi. Mwalimu Sikujua ndiye aliyekusanya mashairi ya Muyaka kutoka kwa watu wa mji na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Taylor naye akayanakili kwa herufi za Kirumi na kutia maelezo pembeni. Walikusanya kwa haraka, karatasi juu ya karatasi, nyingi kuliko walivyoweza kuzifanyia kazi wakati ule. Na haraka yao ilikuwa na sababu, kwani mwaka wa 1890 Mwalimu Sikujua mwenyewe akafariki. Lau wangengoja nafasi, nafasi isingepatikana.

Mwaka wa 1891 Taylor alichapisha London vitabu viwili. Kimoja ni African Aphorisms, chenye mamia ya methali za Waswahili, na cha pili ni cha lugha ya Kigiriama. Mwaka wa 1915 kazi yake juu ya utenzi wa Al-Inkishafi ikatoka ndani ya kitabu cha Stigand. Lakini rundo kubwa la mashairi ya Muyaka lilibaki vile vile. Taylor akafa mwaka wa 1927, karatasi zimejaa. Mwaka uliofuata, 1928, ukafanywa mkutano papa hapa Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa Kiswahili cha vitabu vya shule. Kimvita alichokipenda Taylor kikawekwa kando.

Je, kazi ilipotea? La hasha! Mwaka wa 1940 William Hichens, akisaidiwa na Sheikh Mbarak Ali Hinawy wa hapa Mombasa, alitoa Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg. Hebu hesabu mwenyewe: Muyaka amekufa kiasi cha 1840, Sikujua 1890, diwani 1940. Kiasi cha miaka mia tangu mshairi kufa! Kisha mwaka wa 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu kingine juu ya Muyaka, na kazi hiyo pia ilitegemea zile karatasi za Taylor.

Lakini nisiwasifu wakusanyaji kupita kiasi. Karatasi hizo zilikwenda London, zikawekwa katika maktaba ya chuo cha huko. Kwa muda mrefu mtoto wa Kibokoni au Kuze hakuweza kuyasoma maneno ya babu zake ila awe na nauli ya kwenda Ulaya. Pia, bila ya Hichens, Sheikh Mbarak na Profesa Abdulaziz, rundo lile lingekuwa chakula cha mchwa tu. Kwa hivyo anayekusanya kuliko anavyosoma hana kosa, maadamu anajua kwamba amemwekea mtu mwingine, na maadamu mtu huyo ataweza kukifikia kilichowekwa. Akikifungia kabatini asikione mtu, huyo ni bahili kama mabahili wengine.

Wanachama wenzangu wa chama cha Kiswahili, sisi si matajiri wa kununua maktaba. Lakini daftari moja la kurasa mia si ghali. Majumbani mwetu wako mabibi wanaojua nyimbo za harusi, vitendawili na majina ya samaki ambayo hayamo kamusini. Tuandike sasa, hata kama hatuelewi yote, na juu ya kila ukurasa tutie jina la aliyetwambia na tarehe. Kuelewa kutakuja baadaye, kwetu au kwa watakaotufuata. Daftari likijaa, tulilete maktaba ya shule. Tusiliache likasafiri mpaka London ndipo lisomwe.