Mkwawa: Maisha na Mabaki ya Mtwa wa Wahehe

Kwa desturi, wasifu wa mtu huhitimishwa na maziko yake. Wasifu wa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, ambaye jina lake lilifupishwa kuwa Mkwawa, hauhitimiki hivyo, na kwa sababu hiyo unamhusu mwanafunzi wa akiolojia ya maziko sawasawa na unavyomhusu mwanahistoria.

Mkwawa alizaliwa Luhota, Iringa, yapata mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, aliyeziunganisha koo za Uhehe, alifariki mwaka 1879. Baada ya mgogoro wa urithi, Mkwawa alishika utawala na kujenga ngome ya mawe huko Kalenga. Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi lake lilikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Kalenga ilitekwa Oktoba 1894, lakini Mkwawa aliendeleza vita vya kuvizia hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa risasi alipokaribia kukamatwa. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi. Kichwa kilikatwa na kuchukuliwa na Wajerumani.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo. Hata hivyo, ni mwaka 1953 tu ambapo Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen. Kati ya mafuvu mengi yaliyohifadhiwa humo, alichagua moja lenye tundu lililodhaniwa kuwa la risasi, ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu, na likahifadhiwa Kalenga.

Hapa hatuna budi kutofautisha mambo mawili. Uwiano wa upana na urefu wa fuvu hauwezi kumtambulisha mtu mmoja mahususi, kwani watu wengi huwa na uwiano ule ule. Kwa kigezo hicho, utambuzi wa Twining ulikuwa dhaifu. Lakini utambuzi wa kijamii una misingi mingine: ukoo uliopokea, hadhara iliyoshuhudia, na heshima iliyorejeshwa. Mtafiti anayetaka kupima upya mabaki ya aina hii anagusa yote mawili, na idhini ya ukoo ni sehemu ya mbinu yake, si adabu ya ziada.

Aidha, pango la Mlambalasi, lililo jirani na kaburi hilo, limetoa mifupa ya watu wa Zama za Mawe za Mwisho, walioishi maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa. Hao hawana jina wala mjukuu wa kuwadai. Kipimo cha uadilifu wa taaluma yetu ni iwapo tutawatendea kwa heshima ile ile tunayolazimika kumpa Mtwa.