WALLACE CAROTHERS: ALIKUFA AKIJIONA AMESHINDWA



Mwaka jana dada yangu alijifungua kwa operesheni kule Haydom, wilaya ya Mbulu. Siku ya kutolewa nyuzi nikamsindikiza. Nesi akatoa za juu, za nailoni. Nikauliza, za ndani je? Akanijibu hizo haziguswi, zinayeyuka zenyewe. Usiku nikaingia intaneti. Kumbe nyuzi zote mbili ukizifuatilia unakutana na jamaa mmoja, Wallace Carothers.

Alizaliwa Iowa, Marekani, tarehe 27 Aprili 1896. Baba yake alifundisha chuo cha biashara, na kijana akaanzia hapo hapo na uhasibu kabla ya kuhamia kemia. Alifundisha Harvard, na mwaka 1928 kampuni ya DuPont ikamchukua. Kazi yake ilikuwa kuunga molekuli ndogo ndogo ziwe mnyororo mrefu, yaani polima.

Poliesta zake za mwanzo zilivutika zikawa nyuzi, lakini joto kidogo tu zinalainika, na maji yanazila. Nguo gani hiyo ya kuisha ukifua? Zikawekwa kando. Mwaka 1932 yeye na wenzake walichapisha pia kazi juu ya polima ya laktidi, inayotokana na asidi laktiki, ile ile inayochachusha maziwa kwenye vibuyu vyetu. Baadaye akageukia njia nyingine, na Februari 1935 maabara yake ikapata nailoni.

Hapa ndo panauma. Sifa zote hizo, kumbe jamaa anaumwa sonona, anajiona amekwisha. Januari 1937 dada yake kipenzi akafariki. Tarehe 29 Aprili, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, akajitoa uhai. Mkewe alikuwa mjamzito, binti akazaliwa Novemba. Nailoni ilitangazwa kwa umma 1938, mwenyewe hayupo.

Sasa sikieni. Ile kasoro ya kuliwa na maji ndiyo madaktari walikuja kuitaka! Uzi ushike kidonda mpaka kiunge, halafu uondoke. Mwaka 1974 ukaingia sokoni uzi wa Vicryl, sehemu 90 za glaikolidi kwa 10 za laktidi. Siri iko kwenye kuchanganya: ukibadili vipimo, unabadili na muda wa uzi kukaa mwilini. Huo wa Vicryl unaisha kwa siku 56 hadi 70 hivi.

Mimi nimeishia kidato cha nne, matokeo siyataji hapa. Kuna siku nami nilijiona sina maana. Mdau mwenye hali hiyo, usikae nayo peke yako, tafuta mtu uongee naye. Carothers alichokitupa leo kinashona mama zetu na dada zetu, na hakujua.

Mtoto wa dada sasa anatambaa. Naomba maoni yenu wadau.