Khabari za Imamu Ghazali: Ugonjwa Wake na Kupona Kwake

Ndugu zangu Waislamu wa Mwika na wa pande zote za mlima huu, hazipiti wiki nyingi ila mtu hunigongea mlango baada ya Isha, akitaka nimwandikie kombe kwa kuwa usiku hapati usingizi. Mmoja ana deni la dawa ya kahawa, mwengine ana kesi ya kihamba na nduguye, mwengine hana hili wala lile ila kifua chambana na chakula hakipiti kooni. Kombe nawaandikia, wala sikatai baraka yake. Lakini kabla ya zafarani kukauka katika sahani huwasimulia khabari za mtu mmoja aliyepatwa na haya haya, naye alikuwa katika wanavyuoni wakubwa kabisa wa zama zake. Nimeona bora niziandike, kila mtu apate karatasi yake aende nayo kwake.

Mtu huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali. Alizaliwa mji wa Tus, katika Khurasani, ambayo leo ni upande wa kaskazini mashariki wa Irani, mwaka 450 wa Hijra, nao ni 1058 wa Miladi. Baba yake, yasimuliwa, alikuwa fukara akisokota sufu na kuiuza. Alipoona mauti yamekaribia, aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, pamoja na akiba ndogo. Akiba ilipokwisha, yule rafiki, naye pia ni maskini, aliwashauri waingie madrasa wapate riziki ya wanafunzi. Basi elimu yake ilianza kwa kutafuta chakula. Wala si aibu, wengi wetu tulianza hivyo hivyo.

Alisoma Tus, kisha Jurjan, kisha Nishapur kwa Imamul-Haramain Al-Juwaini, mkubwa wa Mashafi wa wakati huo, akawa naye hata alipofariki mwaka 478 (1085). Baadaye waziri Nidhamul-Mulk alimpa kusomesha katika madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad, mwaka 484 (1091), naye hajafika umri wa miaka 35. Wanafunzi 300 walikuwa wakihudhuria darasa yake. Vitabu vyake vya fiq'hi, Al-Basit, Al-Wasit na Al-Wajiz, viliwafaa sana waliokuja nyuma; na kila asomaye leo Minhaji ya Imamu Nawawi anakunywa katika mto ambao chemchemi yake moja ni Ghazali.

Hiyo ndiyo hali yake mbele ya macho ya watu. Ama ndani ya moyo, mambo yalikuwa mengine. Alijitazama, akaona kuwa nia yake katika kusomesha haikuwa safi. Cheo na sifa ndizo zilizokuwa zikimsukuma. Kuanzia Rajabu ya mwaka 488, nayo ni Julai 1095, alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku. Leo hukata shauri aondoke Baghdad na kuacha kila kitu, kesho shauri humvunjika. Hata siku moja ulimi wake ukafungika. Alijitahidi kusomesha japo darasa moja, ili awapendeze wanafunzi, asiweze kutamka hata neno. Kisha huzuni ikamshukia moyoni, chakula kikawa hakisagiki tumboni, maji hayapiti, tonge haimezeki, nguvu zikamwisha. Matabibu wakaja, wakamtazama, wakakata tamaa. Walisema kwamba jambo hili limetoka moyoni likaingia mwilini, na halina dawa ila moyo upumzike na hamu iliyoushika.

Hapa yataka tusimame kidogo. Matabibu hawa hawakumwambia kuwa amerogwa, wala Imamu hakutafuta jirani wa kumtuhumu. Na yeye hakuwafukuza matabibu kwa kusema kuwa dua yatosha. Basi mwenye kukonda au kutopata usingizi aende kwanza hospitali akatazamwe, kisha ndipo aje kwangu. Tena Imamu alikuwa mtu wa sala na wa Kurani siku zote hizo alizougua. Kwa hivyo msimwambie mwenye dhiki ya moyo kuwa imani yake ni haba. Maneno hayo nimeyasikia yakisemwa hapa hapa kwetu, na humzidisha mgonjwa ugonjwa.

Mwisho alimlilia Mola wake kama mtu asiye na hila tena, na jambo likawa jepesi kwake. Katika Dhulkaada ya mwaka ule ule aliondoka Baghdad. Mali yake aliigawa, asibakishe ila ya kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Alikwenda Sham, akakaa karibu miaka miwili, hana kazi ila kujitenga, kuilea nafsi na kumtaja Mwenyezi Mungu. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkubwa wa Dimishki, akijifungia mlango kutwa nzima. Akaenda Baitul-Makdis, akijifungia vile vile katika Kuba ya Mwamba. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahimu, akahiji. Kisha wito wa watoto wake ukamrudisha nyumbani.

Katika miaka hiyo ndipo alipotunga Ihya, nacho ni vitabu 40 katika kimoja. Masharifu wa Hadhramaut walikipenda mno, wakakieneza hata pwani yetu. Na masheikh wa Unguja kama Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote wawili mwaka 1925, walikuwa watu wa njia hiyo. Wengi hukidhania kuwa ni kitabu cha kumtoa mtu shambani kwake. Sivyo. Someni kile kitabu cha nyiradi, mtaona mtu aliyekwisha ugua akiwapimia wengine dawa kwa kiasi chao.

Ameugawa mchana mafungu saba. La kwanza ni kutoka Alfajiri hata jua kutoka, na kazi zake ni nne: dua, dhikri, kusoma Kurani na kutafakari. Kwetu ni saa ile Mawenzi inapoanza kuonekana, na mtu hutamani kukimbilia mibuni kabla hajakunja mkeka wake. Na usingizi ameuhesabu katika ibada: katika saa 24 za usiku na mchana, amesema kiasi cha wastani ni saa 8, na aliyepungukiwa usiku ajaze mchana. Kulala kidogo mchana ni msaada wa kuamka usiku, kama daku ilivyo msaada wa saumu. Mimi nilipoanza kusomesha nilimwona mwalimu alalaye mchana kuwa mvivu, hata nikawa nasinzia katika sala ya Alfajiri nami ni imamu.

Ama mwenye kazi na watu wa kuwalisha, Imamu amemkataza kuwapoteza watu wake kwa kukaa msikitini kutwa. Uradi wake ni kazi yake, na ulimi uendelee na tasbihi. Kuvuna kahawa au kukata mkungu wa ndizi hakuuzuii.

Na yeye mwenyewe alirudi kazini. Mwaka 499 (1106), baada ya miaka 11, waziri Fakhrul-Mulk, mwana wa Nidhamul-Mulk, alimtaka asomeshe Nishapur, akakubali. Kisha alirejea Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na zawiya ya masufi, akaugawa wakati wake baina ya Kurani, kukaa na watu wema, na kusomesha. Fungu la kila kitu lilikuwa lajulikana.

Alifariki siku ya Jumatatu, 14 Jumadal-Akhir 505, yaani 18 Desemba 1111. Nduguye Ahmad amesimulia kuwa asubuhi ile alitawadha, akasali, akaomba aletewe sanda yake. Akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akanyosha miguu kuelekea kibla, na kabla ya kupambazuka vyema alikuwa amekwisha kufa.