Edwin Shneidman: Barua za marehemu zilivyomfundisha kuokoa walio hai

Mgonjwa anasema amechoka kuishi. Daktari anaandika jina la ugonjwa, anampa dawa, anaita anayefuata. Edwin Shneidman aliona hapo kuna kitu kimesahaulika: hakuna aliyemuuliza anaumia wapi.

Mmarekani huyo alizaliwa Mei 13, 1918 huko York, Pennsylvania.

Mwaka 1949 alikuwa mwanasaikolojia kijana katika hospitali ya maveterani, Los Angeles. Bosi wake alimpa kazi ndogo tu: awaandikie barua za pole wajane wawili ambao waume zao walijiua. Akaenda kupekua mafaili kwa mchunguzi wa vifo wa kaunti. Kumbe humo kulikuwa na barua za mwisho za watu waliojiua, mamia kwa mamia!

Hakukimbilia kuzisoma. Yeye na mwenzake Norman Farberow walichukua barua 33 za kweli, wakazilinganisha na 33 zilizoandikwa na watu waliokuwa hawana wazo hilo kabisa. Hapo jambo ambalo wengi walilionea aibu likaanza kuchunguzwa kisayansi.

Mwaka 1958, wawili hao na daktari wa akili Robert Litman walifungua kituo cha kuzuia watu kujiua Los Angeles. Marilyn Monroe alipofariki 1962, mchunguzi wa vifo aliwaita wataalamu wa kituo hicho wazungumze na waliomfahamu, ili ijulikane hali yake ya akili siku za mwisho.

Lakini kubwa aliloacha Shneidman ni kwa madaktari na wauguzi. Aliwaambia anayetaka kujiua mara nyingi yuko njia panda: anataka kufa, na papo hapo anatamani aokolewe. Wengi huonyesha dalili mapema. Basi aulizwe waziwazi, asikilizwe, kisha yatafutwe maumivu ya moyo yanayomsukuma. Ni upweke? Ni aibu? Ni kufiwa? Maumivu yakipungua hata kidogo, mtu anaweza kuchagua kuishi.

Mwaka 1968 alianzisha chama cha wataalamu wa fani hiyo Marekani, baadaye akafundisha chuo kikuu cha UCLA.

Alifariki Mei 15, 2009, siku mbili baada ya kutimiza miaka 91.

Kama wewe au mtu wako anapitia hali hiyo, usinyamaze. Ongea na unayemwamini, au fikeni kituo cha afya kilicho karibu leo.