Bertha Benz na kazi tusizozihesabu

Wanachuo wenzangu, nianze kwa kuungama. Nasoma uhasibu, mwaka wa tatu, na mpaka muhula uliopita niliamini kabisa kwamba kazi za magari ni za wenzetu wa uhandisi. Mjomba wangu ana gereji na duka la vipuri Gerezani, akaniambia nikafanyie mafunzo kwa vitendo kwake. Nikacheka. Mama yeye hakucheka hata kidogo: alisema hakunisomesha ili nirudi nyumbani nanuka grisi. Basi nikafanya kama darasa zima, nikaanza kutafuta benki.

Kilichonigeuza ni neno la mtaani: Wabenzi. Si ndivyo tunavyowaita wakubwa wanaotupita na magari yao huku sisi tumebanana kwenye daladala? Nikataka kujua huyo Benz mwenyewe alikuwa nani. Nikamkuta Carl Benz, mhandisi wa Kijerumani. Pembeni yake nikamkuta mkewe, na huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Bertha Ringer alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala aliyejipatia mali kwa ujenzi. Zama hizo msichana wa kwao hakuruhusiwa kusoma chuo kikuu, hata awe na akili namna gani.

Akachumbiwa na Carl, kijana mwenye karakana, madeni na mbia asiyeaminika. Kule bibi harusi ndiye aliyekwenda na mali kwenye ndoa. Bertha aliomba apewe mapema sehemu ya fungu lake, na mwaka 1871 fedha hizo zikatumika kumwondoa yule mbia. Walioana mwaka uliofuata. Kwa lugha ya darasani kwetu, alikuwa mwekezaji kabla hajawa mke.

Ilipita miaka mingi ya kubana matumizi huku wakilea watoto. Tarehe 29 Januari 1886 gari la magurudumu matatu lenye injini ya petroli likaombewa hataza. Jina la Bertha halimo kwenye hati hiyo. Na mbaya zaidi, wanunuzi hawakuja. Watu walikiogopa kile chombo, na Carl alikuwa hodari wa kubuni, siyo wa kuuza. Kila siku alikuwa na kitu kingine cha kurekebisha.

Agosti 1888, asubuhi na mapema, Bertha na wanawe wawili, Eugen na Richard, walilitoa gari nje bila kumwambia Carl. Walishika njia kutoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100. Kabla yao hakuna aliyekwenda mbali hivyo na gari la namna ile.

Jamani, safari yenyewe ilikuwa kazi! Vituo vya mafuta havikuwepo, kwa hiyo pale Wiesloch walinunua ligroini, kimiminika cha kuondolea madoa, kwenye duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba, Bertha alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka, aliufunika kwa mkanda wa kushikia soksi. Milimani walilisukuma. Kwenye miteremko breki za mbao zikalika, akamwendea fundi viatu azigongomelee ngozi. Jioni walifika, wakampelekea Carl telegramu.

Siku chache baadaye walirudi na gari lao. Kwa yale waliyoyaona njiani, Carl aliongeza gia ya kupandia milima. Habari za safari zikaenea, na kufikia mwaka 1899 kampuni yao ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za magari duniani.

Sasa hebu tuhesabu. Mwekezaji, dereva wa majaribio, fundi wa dharura, mkaguzi wa ubora, mtu wa masoko. Zote hizo ni ajira kamili leo, na mtu mmoja alizifanya bila cheti.

Carl alifariki mwaka 1929. Tarehe 3 Mei 1944, siku Bertha alipotimiza miaka 95, chuo cha ufundi cha Karlsruhe alikosoma mumewe kilimpa useneta wa heshima. Alifariki siku mbili baadaye mjini Ladenburg.

Nilipomsimulia mama haya yote, alinijibu kwamba huyo mwanamke alitoa fedha na jasho, na hati ikaandikwa bila jina lake. Sikuwa na la kusema. Mama ana hoja.

Nimekwenda kwa mjomba hata hivyo. Vipuri vyake vimeandikwa kwenye madaftari matatu yasiyokubaliana, wateja wa mkopo wako kichwani mwake, na ushuru wa bandarini anaukadiria tu. Hapo kuna kazi ya mhasibu, tena kubwa. Wa sheria wana bima na mikataba, wa kompyuta wana magari yanayopimwa kwa programu, wa masoko ndiyo usiseme.

Barua yangu ya mafunzo imeandikwa gereji. Ila kabla sijaipeleka, nimemwomba mjomba tuandikiane kazi yangu ni ipi na posho yangu ni kiasi gani, na jina langu liwemo. Amenuna kidogo, halafu akasaini.