MUNGANGA BURKITT: JICHO MOJA LILILOTAZAMA SAHANI ZA WATU

Katika gazeti letu tumezoea kuandika maisha ya watu wakubwa wa zamani. Mara hii tumechagua mutu ambaye wengi kati yetu hawajui sura yake, lakini jina lake liko katika vitabu vya wanganga dunia nzima. Kabla ya kueleza habari zake, tunapashwa kuungama jambo moja.

Muhula uliopita, sisi viongozi wa wanafunzi tulimushitaki mulinzi wetu wa usiku. Tuliona anaacha mulango mara tano, mara sita kila usiku, anaenda nyuma ya jengo, na kila akirudi anakunywa maji kikombe juu ya kikombe. Tukasema, huyu mulevi. Tukaandika jina lake katika daftari la makosa. Kumbe baba wa watu alikuwa mugonjwa! Alipopimwa damu, wakamukuta na ugonjwa wa sukari. Alirudi nyumbani na vidonge na neno moja tu la kukumbuka, kwamba aache sukari. Basi akaacha sukari ya chai. Jirani zake wakamwambia fufu pia ni mbaya, akaacha fufu. Akaanza kununua mikate myeupe ya mujini, akifikiri ndiyo chakula chepesi cha mugonjwa. Franka zikaisha, nguvu zikaisha, na sukari haikushuka. Siku moja akatuuliza sisi, watu wa vitabu, ale nini sasa. Tukatazamana tu, hatukuwa na jibu. Mwalimu wetu wa biolojia ndiye aliyetutajia jina la Denis Burkitt.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 mwezi wa pili 1911 huko Enniskillen, muji mudogo wa kaskazini ya Ayalandi. Baba yake alikuwa enjinia wa jimbo, na saa za kupumuzika alichunguza ndege. Aliwafunga pete miguuni ili ajue kila ndege anakaa wapi, akachora ramani ya mipaka yao. Tuzikumbuke ramani hizo, zitarudi mbele. Denis alipokuwa na miaka 11 aliumia jicho la kuume, akalipoteza. Maisha yake yote yaliyobaki aliona kwa jicho moja.

Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, ili awe enjinia kama baba yake. Lakini huko imani yake ya Kikristo ilipata nguvu, akaona kazi yake ni kuponya watu. Mwaka 1930 akabadili masomo. Mwaka 1935 akamaliza kuwa munganga, na mwaka 1938 akapata cheo cha munganga wa kupasua. Alitaka kuja Afrika, lakini serikali ya Uingereza ilimukatalia juu ya lile jicho. Waliona mutu wa jicho moja hafai kwa kazi ya huku. Vita vilipokuja akaingia jeshi kama munganga, akafika Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alioa Olive Rogers, muuguzi. Alipoomba tena kazi ya Afrika, wakamukubali, na mwaka 1946 akafika Lira, kaskazini ya Uganda.

Huko Lira alikuwa na wagonjwa wengi sana na wasaidizi wachache. Hata hivyo alianza kuuliza swali ambalo halikumuacha tena: ugonjwa huu uko wapi, na wapi hauko? Aliona wanaume wenye mabusha ni wengi upande mumoja wa wilaya, na upande mwingine ni wachache. Akaandika hesabu yake. Ile tabia ya baba yake ya kuchora ramani ilikuwa imeingia ndani yake. Mwaka 1948 akahamia hospitali kubwa ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimuita aone mutoto mumoja aliyevimba taya pande zote. Burkitt hakujua ni ugonjwa gani. Baada ya siku si nyingi, kule Jinja, akaona mutoto mwingine mwenye uvimbe namna ile ile. Watoto wawili, mahali pawili! Akarudi kutafuta katika vitabu vya hospitali, akatuma barua za maulizo kwa hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961, pamoja na wanganga wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, akapanda motokari ya zamani. Kwa majuma kumi walipita kilomita karibu 16.000 mpaka Afrika ya Kusini, wakiingia hospitali zaidi ya 50, wakionyesha picha na kuuliza kama uvimbe huu unajulikana pale. Majibu yakawa ramani: ugonjwa ulikuwa wa nchi za joto na mvua, na kwenye milima ya baridi haukuonekana. Kansa hiyo leo inaitwa kwa jina lake. Vipande vya uvimbe vilitumwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Michael Epstein na wenzake wakaona ndani yake kirusi ambacho hakikujulikana mbele. Watoto ambao kisu hakikuweza kuwasaidia, wengine walipona kwa dawa.

Mutu mwingine angeketi hapo na kupumuzika na sifa zake. Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akaenda kufanya kazi London, na hapo ndipo habari inayomugusa mulinzi wetu inaanza.

Mwaka 1967 alikutana na munganga wa manowari aliyeitwa Cleave. Cleave alikuwa ameandika kitabu akisema kwamba ugonjwa wa sukari na magonjwa mengine ya Wazungu yanatoka kwenye sukari na unga mweupe, yaani chakula kilichovuliwa nguo yake. Wanganga wengi walimucheka. Burkitt hakucheka, sababu alikumbuka miaka yake 20 katika Uganda. Magonjwa yaliyojaza hospitali za Uingereza, yeye huko vijijini aliyaona mara chache sana. Akarudia njia yake ya zamani: barua kwa hospitali za misheni, akiuliza kila mara ni wagonjwa wangapi wa namna hii, na watu wa pale wanakula nini.

Na tusicheke, wandugu: alipima hata choo. Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki wavimeze, halafu wakahesabu saa mpaka vitoke. Kwa wanakijiji wa Uganda ilikuwa saa 36 hivi. Kwa Waingereza waliokula mikate myeupe ilipita saa 70. Wanafunzi wa bweni kama sisi walikuwa kati ya waliopimwa. Mwaka 1972 matokeo hayo yakatangazwa. Tofauti, alisema Burkitt, ni nyuzinyuzi, ile sehemu ya mumea ambayo tumbo haliwezi kuyeyusha: maganda ya maharagwe, pumba ya nafaka, nyama ya majani. Watu walikuwa wanaitupa kama takataka.

Na Trowell, yule mwenzake wa Mulago? Alikuwa amerudi Uingereza na kuwa mchungaji. Alipozeeka akashika tena kazi hii pamoja na Burkitt, na ndiye aliyeuliza sana juu ya ugonjwa wa sukari. Alifungua hesabu za zamani za Uingereza, akaona kwamba wakati wa vita na miaka iliyofuata, serikali ilipoamuru unga uachiwe sehemu kubwa ya pumba yake, vifo vya ugonjwa wa sukari vilipungua. Ni kweli kwamba sukari nayo ilipimwa wakati ule na watu walikula kidogo, kwa hiyo si unga peke yake unaoweza kusifiwa. Lakini swali lilikuwa limefunguliwa. Mwaka 1975 Trowell akaandika wazi kwamba kukosa nyuzinyuzi kunasaidia kuleta ugonjwa huo, na mwaka ule ule yeye na Burkitt wakatoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa.

Hapa tunapashwa kuelewa vile mambo yalikuwa. Kabla ya insulini kuanza kutumiwa mwaka 1922, wanganga waliwanyima wagonjwa wa sukari chakula mpaka wakabaki mifupa. Hata baadaye, wengi waliambiwa waogope kila chakula cha wanga, bila kutenganisha maharagwe na mukate mweupe. Lakini mwaka 1976 katika jimbo la Kentucky, Marekani, munganga James Anderson na wenzake waliwapa wanaume 13 wenye ugonjwa huo chakula cha wanga mwingi wenye nyuzinyuzi nyingi. Sukari katika damu ikashuka, na wengine, wakiangaliwa na wanganga, wakaweza kuacha dawa. Sababu yake si uchawi. Nyuzinyuzi zinachelewesha chakula tumboni, sukari inaingia katika damu polepole, na mutu anashiba mapema.

Burkitt akazunguka nchi nyingi akifundisha. Alipenda kuonyesha picha moja: maji yanamwagika kutoka robine, chini watu wanapangusa sakafu kwa nguvu zote, na hakuna anayefikiri kufunga robine. Wanganga ndio wale wanaopangusa. Mwaka 1979 aliandika kitabu chepesi kwa watu wa kawaida, akiwakumbusha wasisahau nyuzinyuzi katika chakula chao. Alikufa tarehe 23 mwezi wa tatu 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82.

Hatutaki kumufanya malaika. Alitaka kueleza magonjwa mengi sana kwa sababu moja, na si yote aliyoyasema yalithibitika. Vijijini zamani wagonjwa wengine hawakuhesabiwa kwa sababu hakuna aliyewapima. Leo tunajua kwamba uzito wa mwili, kukaa bila kazi, umri na jamaa uliyozaliwa ndani yake, vyote vina sehemu yao. Tena ugonjwa umefika kwetu: mwaka 2021 shirika la kimataifa la ugonjwa huo lilikadiria watu wazima milioni 24 katika eneo lake la Afrika, na zaidi ya nusu hawakujua kama ni wagonjwa. Kama mulinzi wetu, walikunywa maji usiku bila kujua sababu. Lakini juu ya sahani, Burkitt hakukosea sana. Shirika la Afya la Dunia lilishauri mwaka 2023 kwamba mutu muzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda na gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku.

Sasa turudi Kindu. Tulipomaliza kusoma habari hizi tulikwenda kwa muuguzi, tukamupeleka mulinzi pamoja nasi. Muuguzi alifurahi, akatoa karatasi akachora sahani. Nusu ya sahani ni majani: sombe, matembele, lengalenga, lakini mawese kidogo, si kuogelea. Robo ni maharagwe au samaki wa Lualaba. Robo inayobaki ndiyo ya fufu au wali. Fufu haikukatazwa, ila ule mulima tunaoupenda umekuwa kilima kidogo, sababu unga wa muhogo nao unapandisha sukari. Muchele uliotwangwa nyumbani na kubaki na pumba kidogo ni bora kuliko ule uliong'arishwa na mashini. Chungwa litafunwe, lisikamuliwe. Soda na pombe vibaki dukani. Mikate myeupe, aliyokuwa anamaliza nayo mushahara, haikuwa dawa hata siku moja.

Muuguzi alitukaza juu ya jambo moja, nasi tunaliandika ili mutu asipotee: chakula hakichukui nafasi ya dawa. Asiyeacha vidonge ndiye mwenye akili. Na mutoto au kijana akipata ugonjwa huu, mara nyingi ni ule unaohitaji insulini kila siku, na majani peke yake hayatamuokoa. Mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara nyingi, anayekonda bila sababu, aende apimwe.

Sisi tuna macho mawili kila mutu, lakini tulimuona mulinzi akienda nyuma ya jengo usiku, tukaandika kosa. Burkitt kwa jicho lake moja angeuliza kwanza. Tulikwenda tukamuomba radhi, na mbele yake tukafuta jina lake katika daftari. Alicheka, akasema amesamehe zamani. Halafu akauliza kama jikoni maharagwe yamebaki.

Sisi viongozi wa wanafunzi, kalasi ya mwisho.