H. G. Wells: Mtu Aliyepigana Vita Vyake Sakafuni

Leo nataka kuwasimulia maisha ya Mwingereza mmoja aliyekufa zamani, lakini kabla sijamfikia yanipasa nieleze ni kitu gani kilichonipeleka kwake.

Mpwa wangu alirejea nyumbani kutoka masomoni Uingereza na sanduku la bati. Mimi mjomba wake nilidhani ni biskuti. Alipolifungua nikaona askari, chungu nzima, na kila mmoja kimo chake hakipiti kipande cha juu cha kidole gumba. Tangu siku ile, kila usiku baada ya sala ya Isha, kijana huyu huketi mezani chini ya taa na brashi nyembamba kama sindano. Kwanza humpaka askari rangi nyeusi mwili mzima. Kisha humvisha koti jekundu na kofia nyeupe. Halafu huchukua rangi ya hudhurungi iliyotiwa maji mengi, akaiacha itiririke na kutuama katika mikunjo ya nguo, ipate kuonekana kama kivuli. Mwisho hupitisha brashi iliyo karibu kukauka juu ya mabega na vifungo ili ving'are.

Hayo ya askari ningaliyavumilia. Lakini chini ya sanduku kulikuwa na mazimwi: vitu vya miguu mitatu mirefu, vyenye mikono kama ya pweza. Nikaambiwa kuwa askari wale wa Malkia Victoria hupangwa mezani wakapigana na mazimwi hao, na wachezaji ni watu wazima wenye ndevu zao.

Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa mapema kujihadhari na masanamu, na kemeo lilikuwa tayari ulimini. Ndipo ikanijia ile hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba alikuwa na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi wa vitambaa mwenye mabawa mawili. Mtume (S.A.W.) alipomwuliza habari za farasi mwenye mabawa, Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, naye Mtume akacheka. Wanazuoni wamekhitilafiana katika mambo haya na si kazi yangu kuwaamua. Mimi lililonitosha ni kile kicheko. Nikaumeza ulimi, nikamwuliza kijana mchezo huu umetoka wapi. Akanitajia jina la H. G. Wells.

MTOTO WA DUKANI

Herbert George Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba, 1866, katika mji mdogo wa Bromley, kusini ya London. Baba yake, Joseph, alikuwa na duka la vyombo vya udongo na vifaa vya kriketi, duka lisilopata wateja, na aghalabu riziki ya nyumba ilitokana na baba huyo kulipwa kwa kucheza kriketi. Mama yake, Sarah, alikuwa mtumishi wa majumba ya wakubwa kabla ya kuolewa.

Mwaka 1874 mtoto huyu alivunjika mguu. Akalazwa kitandani majuma kadhaa, na baba akawa anamletea vitabu. Hapo ndipo alipoanza kusoma, na hakuacha tena. Miaka mitatu baadaye mguu uliovunjika ukawa wa baba, na kriketi ikaisha. Nyumba ikasambaratika: mama akarudi utumishini katika jumba la Uppark, na watoto wakatiwa kazini. Herbert akapelekwa duka la nguo huko Southsea, akae mwanafunzi wa kazi, akunje vitambaa kutwa na kulala katika chumba cha pamoja na wenziwe. Aliichukia kazi ile kwa moyo wake wote, hata mwaka 1883 akafaulu kujinasua, akawa mwalimu msaidizi katika skuli ya Midhurst.

Kutoka hapo akapata msaada wa serikali wa masomo, na mwaka 1884 akaingia chuo cha sayansi cha London, akafundishwa elimu ya viumbe na Thomas Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin. Alipotoka alikwenda kufundisha Wales, na huko, mwaka 1887, akapigwa teke katika mchezo wa mpira. Figo likaumia, akawa anatema damu, na ikadhaniwa hatafika mbali. Mwili dhaifu ndio uliomweka kwenye kiti na kalamu.

MAZIMWI YA WOKING

Vitabu vyake vikafuatana kama mawimbi ya kusi: The Time Machine mwaka 1895, The Island of Doctor Moreau mwaka 1896, The Invisible Man mwaka 1897, na The War of the Worlds mwaka 1898. Katika hicho cha mwisho ndimo wanamotoka mazimwi wa mpwa wangu. Wells alikuwa akikaa Woking, karibu na London, na akizunguka kwa baiskeli huku akichagua ni nyumba ipi na ni njia ipi ataiteketeza katika kitabu. Viumbe kutoka sayari ya Mirihi washuka ndani ya vyombo vya chuma, wajenga mitambo ya miguu mitatu, wachoma watu kwa mwali wa moto na kuwafukiza kwa moshi mweusi. Wenyewe ni vichwa vikubwa vyenye mikono ya pweza, na chakula chao ni damu ya binadamu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa sana: ni mumiani waliokuja kutoka mbinguni. Jeshi la Uingereza lote lashindwa, na kinachowaua wageni hao ni vijidudu vya maradhi ambavyo miili yao haikuvizoea.

Kitabu hiki wengi hukisoma kwa kutisha kwake tu. Asili yake lakini ni mazungumzo baina ya Wells na kaka yake Frank juu ya watu wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini ya Australia, ambao waliangamizwa kwa halaiki baada ya Waingereza kukikalia kisiwa chao kuanzia mwaka 1803. Kizazi chao kipo hata leo, ila waliopotea ni wengi mno. Wells aliwauliza Waingereza wenzake: je, na ninyi mkifikiwa na mwenye silaha msizozijua, mtaonaje? Swali hilo liliandikwa wakati bendera ya Uingereza ilikuwa imekwisha kupandishwa Unguja na Mombasa.

VITA SAKAFUNI

Mapato yalimjengea nyumba huko Sandgate, ufukweni, na mkewe wa pili, Amy Catherine, ambaye yeye alimwita Jane, akamzalia wana wawili: George Philip mwaka 1901 na Frank mwaka 1903. Nisifiche kuwa katika ndoa Wells hakuwa mtu wa kuigwa. Alimwoa binamu yake Isabel mwaka 1891 akamwacha kwa ajili ya Jane, na Jane naye akavumilia wanawake wengine mpaka kufa kwake mwaka 1927. Lakini kwa wanawe alikuwa baba mwenye kupiga magoti sakafuni kucheza nao, na hayo si mababa wengi wa enzi ile waliyoyaweza.

Wakati huo kampuni ya William Britain ya London ilikuwa imegundua, mwaka 1893, namna ya kusubu askari wenye uwazi ndani. Madini yaliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu, na kabla ya katikati kuganda humwagwa nje, libaki gamba. Askari akawa mwepesi na bei nafuu kuliko wale wa Kijerumani, na watoto wa kila tabaka wakaweza kuwa na jeshi. Madini yenyewe yalikuwa risasi. Lugha yetu ina neno hilo moja tu kwa madini na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, nami kila nikiliandika katika habari hii huhisi uzito wake.

Kampuni hiyo iliuza pia kizinga kidogo cha springi kilichorusha kijiti cha mbao. Siku moja mwandishi Jerome K. Jerome, mgeni wa Wells, alianza kuwalenga askari nacho baada ya chakula, na mchezo ukazaliwa. Mwaka 1911 Wells alitoa kitabu cha michezo ya sakafuni, Floor Games, na mwaka 1913 akatoa Little Wars, chenye kanuni kamili za vita. Askari wa miguu huenda futi moja kwa zamu, mpanda farasi futi mbili. Hakuna dado, anayeangushwa na kijiti amekufa. Nyumba ni za mbao na karatasi ngumu, misitu ni vijiti vilivyopachikwa. Watu wengi hukihesabu kitabu hicho kuwa ndicho mwanzo wa michezo yote ya vita ya mezani ichezwayo leo. Mazimwi wakaingia baadaye: mwaka 1971 Wamarekani Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kanuni za vita vya zama za kati, Chainmail, na nyuma yake wakatia sehemu ya majitu na mazimwi. Hivyo askari wa Wells na mazimwi wa Wells, waliokuwa katika vitabu mbalimbali, wakaja kukutana juu ya meza moja.

Mambo mawili katika vitabu hivyo yamenikaa moyoni. La kwanza, Wells alilalamika kuwa madukani hakukuwa na watu wa kawaida. Kulijaa askari tele, lakini mwenye kujenga mji sakafuni hupata wapi raia wa kuutia ndani? La pili ni mwisho wa Little Wars. Baada ya kurasa zote za mizinga na mbinu, mwandishi ageuka na kusema kwamba mwenye kucheza vita vidogo mara tatu au nne ataona jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi. Afadhali wafalme na majemadari, adhani, wafungiwe chumba kimoja na askari wa kuchezea, wengine waachwe waishi.

VITA VILIPOKUJA

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1914, vita vikubwa vikaja. Na hapa ndipo maisha ya mtu huyu yanaponiumiza. Yule aliyewacheka majemadari alichukua kalamu akaunga mkono vita, na makala zake zikakusanywa katika kitabu ambacho jina lake lilivitaja kuwa vita vya kukomesha vita. Mwaka 1918 alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya propaganda. Aliamini kwa dhati kuwa ukatili wa kijeshi wa Ujerumani ukivunjwa, dunia itatulia. Haikutulia. Vita hivyo vilifika hadi kwetu. Mwezi wa Novemba 1914 watu walipigana Tanga, na kwa miaka minne wapagazi wa Kiafrika walibebeshwa mizigo ya majeshi porini, wakafa kwa njaa na maradhi maelfu kwa maelfu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao.

Wells hakuwa mtu wa kujificha na kosa lake. Mwaka 1934, katika kitabu cha maisha yake, alikiri kuwa alipokuwa mtoto wa miaka 13 alikuwa akitembea viungani mwa Bromley huku akipigana vita kubwa kichwani mwake, na kwamba Hitler hakuwa ila mtoto wa namna hiyo aliyepewa nchi. Hitler alikuwa ameshika madaraka mwaka mmoja tu, na vitabu vya Wells vilikuwa vimekwisha kuchomwa moto Ujerumani.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafuta dawa. Mwaka 1940 alitoa kitabu juu ya haki za binadamu, na fikira za namna hiyo zikaja kupata umbo katika Tangazo la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948. Hakuliona. Aliyoyaona ni mabomu ya atomu, ambayo yeye mwenyewe aliyapa jina hilo katika hadithi ya mwaka 1914, yakiangukia Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945. Alifariki London tarehe 13 Agosti, 1946, na majivu yake yakatupwa baharini.

Basi usiku mmoja niliketi karibu na mpwa wangu nikamwuliza kama sandukuni mwake mna mpagazi. Akapekua, akasema hamna. Sanamu za shaba za Nairobi zina mpagazi aliyesimama pamoja na askari, lakini jeshi la mezani halikumjua. Nikamweleza habari za wazee wa Kariakoo, walioitwa kwa nambari na kuzikwa bila alama. Alinisikiliza bila kuinua kichwa. Kisha akatwaa askari mmoja wa akiba, akamkata bunduki kwa kisu, akamfinyangia furushi la kichwani, akamvua koti jekundu kwa rangi ya kaki. Ilimchukua siku tatu.

Alipomaliza akanipa brashi, akaniambia mjomba, furushi lipake wewe. Mkono wangu hautulii kama zamani na rangi ikavuka mpaka. Hakuirekebisha. Mpagazi yule sasa yuko mezani, mbele ya mazimwi, na mpaka leo hakuna aliyemwangusha.